Jinsi ya kukokotoa umri wa watoto wa mfalme katika tamthilia za Kichina: mfano wa wana wa Kangxi

Tamthilia yoyote inayohusu ikulu ya Beijing enzi za mfalme Kangxi ina tukio ambalo huwezi kulikwepa. Mfalme amekaa, mbele yake wamepiga magoti wanaume kumi na kitu, wote wamenyoa nusu ya kichwa na kusuka mkia mmoja mgongoni, na wote kwa sura ni watu wa miaka thelathini. Huyu anaitwa wa nne, yule wa nane, yule kule mwisho wa kumi na nne. Nani kampita nani kwa miaka mingapi? Sura za waigizaji hazikusaidii kitu, maana anayeigiza kaka mara nyingine ni mdogo kuliko anayeigiza mdogo wake. Na umri unaotajwa midomoni mwao hauendani na ule unaoupata ukitafuta mtandaoni.

Umri huo unapatikana, tena kwa hesabu ya darasa la tatu, ilimradi ufuate utaratibu. Nimechukua wana wa Kangxi kwa sababu nasaba yao imeandikwa kwa siku, mwezi na jina la mama, na kwa sababu ugomvi wao wa kugombea kiti cha enzi umezaa tamthilia nyingi kuliko ugomvi wa familia nyingine yoyote ya nasaba ya Qing. Chukua karatasi na kalamu. Simu iweke kando kwanza.

Hatua ya 1: Anza na mwaka wa utawala, miladi baadaye

Wachina wa zamani hawakusema "mwaka 1708". Walisema "mwaka wa 47 wa Kangxi". Tarehe zote za kuzaliwa, za vita na za vifo zimeandikwa hivyo, na watunzi wa tamthilia wanazitoa huko huko. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika mwaka wa utawala kama ulivyo, usiubadilishe.

Ukitaka kujua miladi yake, kwa Kangxi unajumlisha 1661. Kwa mwanawe Yongzheng unajumlisha 1722, na kwa mjukuu wake Qianlong 1735. Kwa hiyo Kangxi 47 ni 1708, na Yongzheng 2 ni 1724. Usishangae kwamba Kangxi alirithi kiti Februari 1661 lakini mwaka wake wa kwanza ni 1662. Mfalme akifa katikati ya mwaka, mwaka ule unaisha kwa jina lake, na jina la mrithi linaanza kuhesabiwa mwaka mpya unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa Kangxi alipofariki Desemba 1722: Yongzheng alikalia kiti wiki hiyo hiyo, lakini Yongzheng 1 ni 1723.

Kwa nasaba za Ming na Qing kazi ni nyepesi, kwani karibu kila mfalme alitumia jina moja la utawala tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiingia kwenye tamthilia za Tang jiandae. Huko mfalme mmoja aliweza kubadilisha jina la utawala kila alipojisikia, na Wu Zetian, mwanamke aliyetawala mwenyewe, alilibadilisha zaidi ya mara kumi. Itabidi uwe na orodha ya miaka ya kwanza ya kila jina.

Hatua ya 2: Hesabu umri kwa sui

Hapa ndipo watazamaji wengi wanapokwama. Umri unaotajwa kwenye tamthilia ni sui. Mtoto akizaliwa tu ana sui moja. Mwaka mpya wa Kichina ukiingia anaongeza moja, na wenzake wote nchini wanaongeza siku ile ile. Siku yake ya kuzaliwa haimwongezei chochote.

Kanuni yake ni fupi: mwaka wa tukio, toa mwaka wa kuzaliwa, jumlisha moja. Yote kwa mwaka wa utawala.

Ukitaka umri wetu wa kawaida, chukua sui utoe 1 kama siku ya kuzaliwa imeshapita mwaka ule, au utoe 2 kama bado. Wanaotoa 1 kila mara ndio wanaobishana usiku kucha kuhusu mwanamfalme wa nne.

Ona watoto hawa wawili. Wa tano, Yinqi, alizaliwa Kangxi 18, mwezi wa 12, siku ya 4. Wa sita, Yinzuo, alizaliwa Kangxi 19, mwezi wa 2, siku ya 5. Wamepishana miezi miwili tu. Lakini Yinqi, kabla hajatimiza hata mwezi mmoja duniani, mwaka mpya ukaingia akawa na sui mbili. Yinzuo anapozaliwa, kaka yake mchanga bado ananyonya na hata kukaa hajui, ila kwa hesabu ya ikulu amempita mwaka mzima. Tamthilia ikisema "kaka yako ana miaka saba, wewe sita", haijakosea, na wala haimaanishi walipishana mwaka.

Hatua ya 3: Angalia waliozaliwa mwisho wa mwaka

Msomaji aliyezoea kalenda ya hijria atalielewa hili haraka, kwa kuwa miezi ya Kichina nayo ni ya mwandamo. Tofauti ni kwamba Ramadhani inazunguka misimu yote, ilhali Wachina huingiza mwezi wa ziada kila baada ya miaka miwili au mitatu ili mwaka mpya wao usitoke kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa 12 wa Kichina, na mara nyingine siku za mwisho za mwezi wa 11, huangukia Januari ya miladi inayofuata.

Kwa hiyo yule Yinqi wa Kangxi 18, ambao kwa kujumlisha 1661 ni 1679, kwa miladi alizaliwa tarehe 5 Januari 1680. Wa kumi na mbili, Yintao, ni wa Kangxi 24, yaani 1685, lakini miladi inasema 18 Januari 1686. Ukichukua 1686 ukaihesabia sui, unampunguzia mwaka ambao ikulu ilimpa.

Ndiyo sababu pia vitabu vinatofautiana kuhusu mwaka ambao Yinreng, mwana wa pili, alitangazwa mrithi wa kiti. Ni Kangxi 14, mwezi wa 12. Wengine wanaandika 1675 kwa kufuata mwaka wa utawala, wengine 1676 kwa kufuata siku halisi, ambayo ilikuwa mwishoni mwa Januari. Mtoto mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, na tamthilia itakuambia miwili. Wote wako sahihi.

Dawa yake ni hii: ukiona mwezi wa 11 au wa 12 kwenye tarehe ya kuzaliwa, weka nyota pembeni. Sui ihesabu kwa mwaka wa utawala, na umri wa kawaida uhesabu kwa tarehe kamili ya miladi.

Hatua ya 4: Usiiamini namba ya mwanamfalme kupita kiasi

Namba inakuambia nani alimtangulia nani. Haikuambii kwa muda gani. Wa nane amepishana na wa tisa miaka miwili na nusu. Wa tisa amepishana na wa kumi wiki sita.

Namba pia haikuambii wangapi walizaliwa. Kangxi alipata wana 35, waliopewa namba ni 24. Wengi waliokufa wadogo waliachwa nje ya orodha. Kifungua mimba wa kweli wa Kangxi alikuwa Chengrui, aliyezaliwa 1667 na kufariki 1670. Yinti, ambaye kila tamthilia inamwita mwana mkubwa, alikuwa wa tano kuzaliwa. Hivyo akitokea mhusika anamlilia "mtoto wa kwanza" wa Rong Fei (Fei ni cheo cha mke wa mfalme), wakati mwana wake unayemjua ni wa tatu, usidhani mtunzi kachanganyikiwa: Chengrui alikuwa wake.

Kuhusu mabinti hali ni ngumu zaidi kidogo. Wana hesabu yao wenyewe, haichanganywi na ya wavulana, na hesabu hiyo ina sura mbili. Orodha ya nasaba inawahesabu wote hata waliokufa wachanga, ila ndani ya ikulu waliitwa kwa kuwahesabu walio hai. Wenxian, binti aliyezaliwa na De Fei mwaka 1683, kwenye nasaba ni binti wa tisa, na ikulu aliitwa binti mfalme wa tano. Ukikuta tamthilia inamwita wa tano na makala inamwita wa tisa, ni mtu mmoja.

Halafu kuna majina. Wana wote waliopewa namba wanaanza na Yin, na kwa herufi zetu baadhi yanagongana kabisa: wa kwanza ni Yinti na wa kumi na nne ni Yinti, ingawa kwa Kichina yameandikwa tofauti. Yongzheng alipokalia kiti, ndugu zake wakalazimika kugeuza Yin kuwa Yun kwa heshima ya jina lake. Yinsi na Yunsi ni yule yule wa nane. Kwenye karatasi yako andika namba na mwaka wa kuzaliwa, jina liwe la ziada.

Cheo nacho hakionyeshi umri. Mwaka 1709 wa kumi alipewa cheo kikubwa kuliko wa tisa aliyemtangulia, kwa sababu mama yake alikuwa wa daraja la juu na mwenye ukoo mzito.

Hatua ya 5: Fuata mama

Mimi hatua hii naipenda kuliko zote kwa vile inakupa mipaka isiyoweza kuvunjwa. Watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali wanaweza kupishana hata siku moja. Wa tumbo moja hawawezi, labda wawe pacha. Kwa hiyo chora mstari kwa kila mama.

Mstari wa De Fei, aliyezaliwa 1660, ni huu: Yinzhen, yaani Yongzheng wa baadaye, Desemba 1678. Yinzuo, Machi 1680, aliyefariki 1685. Binti mwaka 1682, ambaye hakuishi. Wenxian, Novemba 1683. Binti mwingine 1686. Kitinda mimba ni Yinti wa kumi na nne, mwanzoni mwa 1688. Watoto sita katika muda wa takribani miaka kumi.

Sasa tazama tena ugomvi wa wa nne na wa kumi na nne ambao tamthilia zinauonyesha kama wa marika wawili wanaogombea. Kwa sui wamepishana kumi kamili, Kangxi 17 na Kangxi 27. Kwa siku halisi ni miaka tisa na ushei. Mdogo anapozaliwa, kaka yake yuko darasani asubuhi na mapema, kwani wana wa Qing walianza masomo wakiwa na sui sita. Ukiona tukio la utotoni ambapo wawili hao wanacheza pamoja wakiwa kimo kimoja, hilo ni la mtunzi.

Angalizo moja: fuata mama mzazi, si mlezi. Ikulu ya Qing ilikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto kulelewa na wake wengine wa mfalme. Yinzhen alilelewa na bibi wa ukoo wa Tong aliyekuja kuwa malkia, na wa nane, Yinsi, alilelewa na Hui Fei, mama wa mwana wa kwanza. Kwenye maongezi wataita "mama" mtu ambaye hakuwazaa, na ukiwaweka kwenye mstari wake hesabu itavurugika.

Hatua ya 6: Tafuta tukio linalokupa mwaka

Tamthilia mara nyingi haikuambii mwaka. Inakuonyesha jambo, na jambo ndilo lenye mwaka. Kwa wana wa Kangxi nanga zako ni hizi: vita na Galdan, kiongozi wa Wamongolia wa magharibi, mwaka 1690 na tena 1696, wana wakubwa kupewa vyeo kwa mara ya kwanza 1698, mrithi kuvuliwa urithi 1708, kurudishwa 1709, kuvuliwa tena 1712, wa kumi na nne kutumwa kaskazini-magharibi kuongoza jeshi 1718, kifo cha Kangxi 1722.

Chukua vuli ya 1708, Kangxi 47. Msafara wa mfalme uko nyikani kaskazini kwa uwindaji. Mwana wa kumi na nane, Yinxie, anaumwa, na mrithi haonyeshi kujali. Mwezi wa 9 mtoto anafariki na Yinreng anavuliwa urithi mbele ya watu. Kila tamthilia ya kipindi hiki inapitia hapa. Tupige hesabu ya mwezi wa Oktoba wa miladi, namba ya kwanza ikiwa sui na ya pili umri wetu:

Wa kwanza, Kangxi 11: 37, yaani 36.
Wa pili, mrithi, Kangxi 13: 35, yaani 34.
Wa nne, Kangxi 17: 31, yaani 29.
Wa tano, Kangxi 18: 30, yaani 28.
Wa nane, Kangxi 20: 28, yaani 27.
Wa kumi, Kangxi 22: 26, yaani 24.
Wa kumi na mbili, Kangxi 24: 24, yaani 22.
Wa kumi na tatu, Kangxi 25: 23, yaani 21.
Wa kumi na nne, Kangxi 27: 21, yaani 20.
Wa kumi na nane, Kangxi 40: 8, yaani 7.

Mtazame wa nne. Amezaliwa mwezi wa 10 siku ya 30, ambayo ni 13 Desemba 1678, kwa hiyo wakati wa mkasa huu siku yake bado haijafika. Sui 31, na ukweli hajatimiza 30. Wa nane, mpinzani wake mkubwa, wamepishana kwa miaka miwili na miezi mitatu tu. Wa kumi na tatu, anayechorwa kama mwenzi wake wa karibu, ni mdogo kwake kwa karibu miaka minane. Ukiwa na orodha hii mezani, hata namna wanavyokaa na nani anamwinamia nani inaanza kukuambia kitu.

Zoezi la haraka: mwaka 1690 mwana wa kwanza alikwenda vitani. Kangxi 29, toa 11, jumlisha 1. Sui 19. Kazaliwa Machi, vita ni vya kiangazi, kwa hiyo 18 yetu. Siku hizo wa kumi na nne alikuwa na sui tatu.

Hatua ya 7: Hakiki kwa mnyama wa mwaka

Gawanya mwaka wa miladi kwa 12, chukua baki. Baki 4 ni Panya, 5 Ng'ombe, 6 Simbamarara, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi, 0 Nyani, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. Mwaka 1678 unaacha baki 10, Farasi, mnyama yule yule wa Kangxi mwenyewe aliyezaliwa 1654. Mrithi wa 1674 na wa kumi na tatu wa 1686 wote ni Simbamarara, hivyo wamepishana 12 kamili. Mnyama anafuata mwaka wa mwandamo, na Yinqi wa Januari 1680 anabaki kuwa Mbuzi wa 1679. Mhusika akitaja mnyama wake na hesabu yako ikatoa mwingine, rudi hatua ya 3.

Tamthilia isiyo na nasaba ya kweli

Nyingine zimebuni nchi, mfalme na majina yote. Huko hakuna mwaka wa utawala wa kutafuta, ila hujakosa pa kushika. Sikiliza wanavyoitana: anayeitwa ge au xiong ni kaka, di ni mdogo wa kiume, jie ni dada mkubwa, mei ni mdogo wa kike. Maandishi ya chini ya skrini huwafanya wote "ndugu", sauti ndiyo haidanganyi. Kwa tamthilia zinazofuata desturi za Wahan, kabila kubwa zaidi la China, msichana hufanyiwa sherehe ya kuvishwa kibanio cha nywele akiwa na sui 15, na mvulana huvishwa kofia ya utu uzima akiwa na sui 20. Tukio moja la namna hiyo linakupa mtu mmoja mwenye umri kamili, na wengine unawapanga kutoka kwake. Maombolezo ya mzazi ni "miaka mitatu", ambayo kwa vitendo ilikuwa miezi 27, kwa hiyo mtu aliyevua nguo za msiba usimwongezee mitatu.

Mfano: binti kavishwa kibanio sehemu ya kwanza. Kaka yake wa tumbo moja kasema mama yao alifariki akimzaa binti huyo, naye wakati huo alikuwa ameshaanza masomo. Kama ni sui sita kwenda juu, leo ana 20 au zaidi. Mdogo wa binti, wa mama mwingine, anamwita jie na bado hajavishwa kofia. Huyo ana sui kati ya moja na 15, na unaweza kuanza kumbana kutoka juu: kama anapanda farasi na kubeba upinde, andika "12 hadi 15" kwa penseli, uendelee kutazama.